Barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu cha akiba na mikopo: kitufe kisichosema kinafanya nini

Dodoma

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi,
Meneja,
na Kamati ya Usimamizi

Ndugu Viongozi,

YAH: APLIKESHENI YA CHAMA AMBAYO MWANACHAMA ASIYEONA HAWEZI KUITUMIA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la chama sijaliandika na sitaliandika. Si kwa woga. Chama ni changu kama kilivyo chenu, na mtu hachomi nyumba anayolala. Nyinyi mtajitambua kabla hamjamaliza ukurasa wa kwanza. Jina langu na namba yangu ya uanachama mnavyo: vimo kwenye barua tatu nilizoleta ofisini kwa mkono wangu, mwezi wa tatu, wa tano na wa nane, zote zikagongwa muhuri wa "Imepokelewa" mbele yangu. Najua ziligongwa kwa sababu niliusikia muhuri. Kilichofuata baada ya muhuri sijakisikia mpaka leo, na ndiyo maana safari hii naandika hadharani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Sioni tangu utotoni. Kusoma nilianzia Buigiri, shule ya wasioona, kwa nukta nundu, kwenye mashine ya kuziandikia ya Perkins ambayo vidole vyangu vinaikumbuka bado. Siku hizi naandaa mitihani kwa kompyuta yenye NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, na simu yangu ya Android hunisomea kwa programu ya namna hiyohiyo, TalkBack. Huu ni mwaka wa kumi na moja makato yangu yanafika kwenu kabla mshahara haujanifikia mimi. Rejesho sijawahi kuchelewesha. Nayasema haya mapema asije akatokea wa kusema kwamba anayelalamika ni mdaiwa sugu.

Shida ilianza mlipofunga dirisha la huduma ofisini. Mlitangaza kwamba mkopo wa dharura, taarifa ya akiba na kubadilisha mdhamini, vyote sasa vinapatikana kwenye simu, na ofisini mtu aje kwa "masuala maalumu" tu. Nilifurahi, naomba mniamini. Mtu asiyeona anayetoka Nkuhungu kwa daladala, akashuka mjini, akavuka barabara kwa kusikiliza bodaboda zinatokea upande gani, yote hayo ili aambiwe salio lake, ukimwambia huduma imehamia mfukoni mwake atapiga vigelegele. Aplikesheni niliipakua siku ileile.

Kabla sijataja kasoro, nieleze kidogo simu yangu inavyotumika, maana mmoja wenu aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa: "Sasa mwalimu, wewe simu unaitazamaje?" Siitazami, naisikiliza. Nikipitisha kidole juu ya kioo inataja kilicho chini ya kidole. Nikifyagia kidole kwenda kulia inahamia kitu kinachofuata. Nikigusa mara mbili harakaharaka, popote pale kwenye kioo, kile kilichotajwa mwisho ndicho kinachobonyezwa. Kwa hiyo kila kitu kilichomo kwenye skrini nakidai mambo manne: jina lake, aina yake, kama ni kitufe, ni kisanduku cha tiki au ni sehemu ya kuandika, hali yake, kimewashwa au kimezimwa, na kitendo chake, yaani nikikigusa kitafanya nini. Mwenye macho anayapata yote manne kwa kutupa jicho mara moja. Mimi nayapata pale tu aliyeandika programu alipoyaandika.

Hilo la nne, la kitendo, ndilo hasa lililonitoa nyumbani. Na si jambo geni. Java, lugha ya kuandikia programu, ililiweka kwenye maktaba yake tangu mwaka 1998, na nilipoelezwa lilivyopangwa nililipenda kwa urahisi wake. Programu inayomsaidia mtumiaji inakiuliza kitu kilichomo kwenye skrini mambo matatu tu. Una vitendo vingapi? Kitendo cha kwanza kinaitwaje? Haya, kifanye. Basi. Haiulizi kipanya kiko wapi wala kidole kimeburuzwa umbali gani. Kitu kinajua kazi yake, na kikiagizwa kinaifanya, awe anayeagiza ni mwenye macho, ni asiyeona, au ni mtu asiye na mikono anayetumia sauti. Android, iPhone, Windows, kila mfumo una namna yake ya kufanya jambo hilohilo. Aplikesheni yetu haina. Ndani yake vitendo vimefungwa kwenye kidole cha mtu anayeona.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Vitufe havina majina.

Ukurasa wa kwanza nikiupitia nasikia hivi: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Karibu tena. Kitufe." Ni vipicha, nimeambiwa: nyumba, kengele, pochi, na kitu kinachofanana na gurudumu. Picha hazikuandikiwa maelezo, kwa hiyo simu haina cha kusoma. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote: nikahesabu. Cha tatu ni mikopo. Ukurasa wa mikopo, cha pili ni kutuma, cha tatu ni kurudi. Nilikaa nayo kichwani kama tarakimu za kuzidisha.

Mwezi wa saba mkaboresha aplikesheni. Sina ugomvi na maboresho, lakini kwenye ukurasa wa mikopo kikaongezwa kitufe kipya katikati bila jina, na mimi nikagusa cha pili kama nilivyozoea. Cha pili sasa kilikuwa cha kufuta. Ombi langu, lililokwisha kuwekewa saini na wadhamini wawili, likatoweka, wala sikuulizwa "Una uhakika?" Kumfuata mdhamini mmoja tu ilinilazimu kwenda mpaka Hombolo, maana alikuwa kwenye uvunaji wa zabibu na mtandao wa huko mnaujua.

Dawa yake ni fupi kuliko malalamiko yenyewe: kila picha inayobonyezwa iandikiwe jina la kazi yake. Siyo "pochi". "Mikopo". Siyo "pipa". "Futa ombi". Na kitu kinachofuta kiulize kwanza.

2. "Telezesha kulia kuthibitisha."

Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Siku moja ada ya binti yangu ilikuwa inadaiwa, na nikaomba mkopo wa dharura wa shilingi 350,000. Kwa kuhesabu vitufe nikafika mpaka ukurasa wa mwisho. Simu ikasoma vizuri kabisa: "Telezesha kulia kuthibitisha." Nikagusa mara mbili. Kimya. Nikasema labda watu hawa wanamaanisha wanachosema, nikatelezesha kidole kulia kama nilivyoagizwa. Lakini kwenye TalkBack kufyagia kulia maana yake ni "nipeleke kwenye kitu kinachofuata", na kitu kinachofuata yalikuwa maandishi ya chini kabisa ya ukurasa. Simu ikanijibu: "Haki zote zimehifadhiwa."

Nikarudi. Nikatelezesha. "Haki zote zimehifadhiwa." Mara ya nne nilicheka peke yangu, nimekaa kitandani.

Ipo mbinu ya kugusa mara mbili, ukashikilia, kisha ukaburuta. Nimeijaribu. Kidole kikiishia nusu njia, kile kiduara kinarudi kilikotoka, na mimi sina namna ya kujua njia inaishia wapi. Nikaacha. Nikatembea hadi steshenari ninakotoa fotokopi, nikamwomba kijana anisaidie. Ikabidi tuizime TalkBack, nimnong'oneze namba ya siri sikioni, yeye atelezeshe. "Tayari mwalimu." Halafu, bila ubaya wowote, ni kijana mwema yule, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu, kumbe bado unadaiwa laki nane?" Nyuma yangu walikuwapo watu wawili wakisubiri kutoa kopi za vyeti. Mmoja alikohoa.

Nimefundisha miaka mingi. Nimewahi kuzomewa na kidato cha pili siku ya mvua. Sijawahi kujisikia nilivyojisikia pale kaunta.

Sasa nieleze kinachowezekana, maana sikuja kulia tu. Kitelezi chenu kibaki kama kilivyo, kina rangi nzuri nasikia. Ila ndani yake kiambatishwe kitendo kimoja chenye jina: "Thibitisha mkopo wa shilingi 350,000". Android ina nafasi yake maalumu ya kitendo cha namna hiyo. TalkBack itakitangaza, mimi nitagusa mara mbili, na kitaita amri ileile inayoitwa pale kidole cha mwenye macho kinapofika mwisho. Amri ni moja, milango ni miwili. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaandika programu, alinitengenezea ukurasa wa mfano wenye kitelezi kama chenu na kitendo ndani yake. Alianza baada ya chakula cha mchana, na adhana ya magharibi ilipolia nilikuwa nimeshathibitisha mikopo hewa kumi na miwili. Mfano huo nimeuhifadhi, nitauleta.

Na jambo hili haliwahusu wasioona peke yao. Chama kina wastaafu ambao mikono inatetemeka. Kina watu waliopata kiharusi. Kina mwenzetu mmoja ambaye kioo cha simu yake kimepasuka upande wa kulia, na kidole kikifika kwenye ufa kinakwama hapohapo. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa na programu zinazofikika kwa wote, WCAG wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, katika toleo lake la 2.2 la mwaka 2023 umeongeza kipengele kinachohusu jambo hilihili: panapohitajika kuburuta, pawepo na njia ya kugusa tu. Dunia nzima imeshakutana na "telezesha kulia" yetu.

3. Kiasi cha mkopo, na tovuti ya kompyuta.

Kiasi hakiandikwi, kinachaguliwa kwa kusogeza kialama kwenye mstari. Mstari huo umechorwa na fundi wenu mwenyewe badala ya kutumia ule uliokuja na Android, na kwa TalkBack ni kama haupo. Ule wa kawaida ningeuongeza na kuupunguza kwa vitufe vya sauti vya simu. Hata huo, kwa fedha, haufai kuwa peke yake. Wekeni sehemu ya kuandika tarakimu. Nani aliwahi kukopa kwa kukadiria?

Tovuti ina ugonjwa wa ukoo mmoja. Palipoandikwa "Wasilisha" si kitufe. Ni kisanduku kilichopakwa rangi kikafundishwa kusikia kipanya. Nikitembea kwa kitufe cha Tab cha kibodi, NVDA inapita juu yake kama hakuna kitu. Kitufe halisi cha HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za tovuti, kinafikika kwa Tab na kinaitika kwa Enta na kwa kitufe cha nafasi, bila fundi kuongeza hata mstari mmoja. Aliyetengeneza kisanduku alifanya kazi kubwa zaidi ili apate kitu pungufu, na sisi tukamlipa.

4. Kibao cha namba ya siri.

Kimechorwa kama picha moja, na tarakimu zinachanganywa kila mara. Najua kwa nini zinachanganywa: jirani asikariri mkono unavyokwenda. Nzuri. Lakini simu yangu inaona picha moja isiyo na kitu ndani. Hata zikichanganywa, kila tarakimu ikiwa kitufe chenye jina lake nitaitafuta na kuipata, spika zikiwa masikioni mwangu, na jirani hatasikia. Kisha ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS inakufa ndani ya sekunde thelathini. Mpaka nitoke kwenye aplikesheni, nifungue ujumbe, niusikilize, nirudi, nitafute sehemu ya kuiandika, imeshazikwa. Nipeni dakika tatu, au kitufe cha kuongeza muda.

5. Makosa yanatangazwa kwa rangi. Nikikosea, kisanduku kinakuwa chekundu. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba ujumbe wa kosa unaweza kuwekewa alama ya kukifanya kisoma skrini kiusome papo hapo unapotokea.

Ndugu Viongozi,

Majibu ya mdomo niliyowahi kupewa korido nayajua, na mengine nayakisia. Niyapitie ili tusipotezeane muda.

Mtasema wasioona chamani hatufiki hata watano. Kweli, mimi nawajua wawili zaidi. Lakini kanuni ya kwanza ya ushirika, ile tunayosomewa kila Mkutano Mkuu, ni uanachama wa hiari na ulio wazi kwa watu wote, bila ubaguzi. Haikuandikwa kwamba mlango utafunguliwa wakifika kumi. Tena mimi mkato wangu haupungui kwa sababu sioni. Mngekuwa mnanikata robo, ningekubali robo ya huduma.

Mtasema mfumo ni wa mkandarasi. Mkandarasi alilipwa na nani? Mkataba wa matengenezo, kwa taarifa ya fedha mliyotusomea wenyewe, upo na unalipiwa kila mwaka. Ndani ya matengenezo kumewahi kuongezwa picha ya salamu za Krismasi inayomwaga theluji. Theluji, Dodoma, mwezi wa kumi na mbili, tunasubiri mvua. Aliyepata muda wa kuongeza theluji anao wa kuandika neno "Mikopo" nyuma ya kipicha.

La usalama nalipa uzito, maana si kisingizio cha hovyo. Niliambiwa kisoma skrini "kinaweza kuiba namba". Programu mbovu inayojifanya msaidizi wa walemavu inaweza kweli kuiba, na benki duniani zina haki ya kuwa macho. Lakini tazameni kilichotokea kwa ulinzi wenu huo: namba yangu ya siri sasa anaijua kijana wa steshenari, anaijua binti yangu, na anaijua dereva mmoja wa bajaji. Binti yangu, kwa taarifa yenu, ndiye anayejua akiba yangu kuliko mama yake, na tangu ajue ameanza kuchagua viatu vya bei. Kila Ijumaa mnanitumia SMS: "Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Nampa mtu kila mnaponilazimisha kutelezesha. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sidhani deni langu kusomwa mbele ya foleni ya fotokopi ndicho watunga sheria walichokuwa wanakifikiria.

Mtasema, basi njoo ofisini, utahudumiwa kama suala maalumu. Nilikuja. Mlinzi aliniuliza kama nina miadi, dada wa mapokezi akanielekeza nipakue aplikesheni. Sijatia chumvi.

Na kwa wanaopenda sheria: Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na huduma zinazotolewa kwa umma. Mwaka uliofuata Bunge, hapa hapa mjini kwetu, likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sikutaka kuanza barua na sheria kwa sababu ndugu hawaanzi mazungumzo kwa kutajiana vifungu. Ila mjue navijua, na ofisi za Tume ya Maendeleo ya Ushirika ziko Dodoma. Nauli yake ninayo.

Ninachoomba ni hiki:

Moja, dirisha moja lifunguliwe tena kuanzia mwezi ujao kwa yeyote ambaye aplikesheni imemshinda, bila kumtaka aeleze ugonjwa wake, na libaki wazi mpaka kazi iishe.

Mbili, ndani ya siku 30 vitufe vyote viandikiwe majina, na kufuta kuulize kwanza. Hii ni kazi ya kuandika maneno, na maneno yenyewe najitolea kuyaandika mimi, bure. Kiswahili ndicho ninachofundisha.

Tatu, ndani ya siku 90 kila kinachotelezeshwa kiwe na kitendo chenye jina kinachofanya kazi kwa kugusa mara mbili. Kiasi cha mkopo kiandikike. Kibao cha namba ya siri kisomeke. Muda wa namba ya uthibitisho uongezwe. Na "Wasilisha" ya tovuti iwe kitufe cha kweli.

Nne, mkataba wa mkandarasi uongezwe kifungu kwamba hakuna toleo jipya litakalotoka kabla halijapitiwa na TalkBack mwanzo hadi mwisho: kuingia, kuomba mkopo, kuthibitisha, kutoka. Google wanayo programu ya bure ya kukagua aplikesheni za Android inayoonyesha vitufe visivyo na majina na vilivyo vidogo mno. Haioni kila kosa. Haitawaambia, kwa mfano, kwamba jina lililoandikwa ni la uongo. Ndiyo maana pia naomba mkaguzi wa mwisho awe mwanachama mwenyewe, simu mkononi, fundi amekaa pembeni yake mikono mfukoni.

Hilo la mikono mfukoni lina sababu. Mwezi wa nane fundi wenu mmoja, nje ya utaratibu na kwa moyo wake tu, alikubali tukutane kwenye mgahawa karibu na Nyerere Square. Nilimpa simu yangu, TalkBack ikiwa imewashwa, nikamwomba afumbe macho aombe mkopo wa shilingi elfu kumi. Alianza kwa kujiamini. Baada ya "Kitufe. Kitufe. Kitufe." alifumbua jicho moja; nilijua kwa sababu kidole kiliacha kupapasa ghafla kikaenda moja kwa moja. Nikamwambia afumbe. Akafumba. Alipofika kwenye kutelezesha na simu ikamwambia "Haki zote zimehifadhiwa", alikaa kimya, chai yake ikapoa. Kisha akasema: "Mwalimu, hii hatukuambiwa kwamba inatakiwa."

Ninamwamini. Hawakuambiwa. Sasa nyinyi mmeambiwa, kwa barua tatu zenye muhuri na hii moja isiyo nao.

Mkutano Mkuu ni mwezi wa kumi na mbili. Naomba suala hili liwe na namba yake kwenye ajenda, lisitupwe kwenye "Mengineyo" saa kumi na moja jioni watu wakishaanza kuulizia nauli na soda. Nitakaa mstari wa mbele upande wa kushoto, karibu na spika, simu nimeichaji. Atakayekuwa Mwenyekiti wa kikao anipe dakika tano na kipaza sauti kimoja, nikiweke karibu na simu wanachama waisikie aplikesheni yao inavyosema.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama, mwalimu,
Nkuhungu, Dodoma

Nakala: Kamati ya Mikopo, wanachama wote.